Mikono Iliyojikunja

Mama Maziwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema kwa sauti, na jambo likishasemwa na Mama Maziwa, hata asiyetaka kulisikia hulisikia. Alisimama mbele ya kioo cha duka la ushonaji, gauni lake jipya la bluu limemkaa vizuri kifuani, vizuri kiunoni, vizuri kote, isipokuwa mkono mmoja.

"Fundi, niambie ukweli tu, sitakasirika," alisema, na sauti ilionyesha ameshakasirika. "Umenishonea gauni au umenifunga bendeji?"

Mkono wa kulia wa gauni ulishuka moja kwa moja mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto ulikuwa umejikunja kwenye kiwiko, na mkono wake mwenyewe ndani yake ukakunjika nao, kama mtu aliyebeba mtoto asiyeonekana. Kila alipojaribu kuunyoosha, kitambaa kilimvuta na kumrudisha. Mwishowe akaanza kucheka, maana ni mtu wa kucheka. Fundi Mdogo hakucheka. Alikuwa na pini nne mdomoni na alizitoa moja moja, polepole, ili apate muda wa kufikiri.

"Vua nitazame," alisema.

Alilitandaza gauni juu ya meza ya kukatia, akalipindua, akaweka mkono mmoja juu ya mwenzake, mshono juu ya mshono. Ililingana. Begani sawa, kiwikoni sawa, mwishoni sawa, hata unywele usingepita katikati. Na kwa nini isilingane? Aliikata kwa pamoja. Kwa wasiowahi kushika mkasi niseme hivi: kitambaa hukunjwa mara mbili, uso kwa uso, karatasi moja ikawekwa juu, na mkasi mmoja ukapita. Mikono miwili hutoka pacha. Ukikosea, umekosea yote miwili. Kukosea mmoja peke yake ni jambo lisilowezekana.

Na hili gauni lilikuwa nguo ya sita kujikunja hivyo.

"Niachie mpaka Jumatatu," Fundi Mdogo alisema. "Nitakutolea mikono, nikuwekee mifupi."

"Mifupi, kwenye baridi hii? Dada yako angekuwa hai ungesikia maneno yake," Mama Maziwa alisema, kisha akajishika mdomo. "Nisamehe, mwenzangu. Ulimi hauna mfupa."

Fundi mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mvi za kutosha, lakini bado walimwita Fundi Mdogo. Jina lilibaki tangu enzi duka lilipokuwa na mafundi wawili, dada na mdogo wake, wakigawana meza moja, kioo kimoja na ugomvi wa kila siku kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Fundi Mdogo alikata viwiliwili: kifua, mgongo, kiuno, sketi. Fundi Mkubwa alishika mikono tu, na hakumruhusu mtu mwingine aiguse.

"Kiwiliwili hata jirani anaweza kukukatia," alizoea kusema kwa maringo yake. "Mkono ndio unaotangaza kama fundi yupo au hayupo."

Maringo hayo alikuwa na haki nayo. Alimwambia mteja aweke kiganja kiunoni kama anayetaka kugombana, kisha akapima kutoka begani, akazunguka kiwiko, akateremka mpaka kwenye kifundo. Alipima unene wa juu, unene wa kiwiko, na mduara wa kwapa. Alichora karatasini kilima cha juu cha mkono, kile kinachoingia begani, nacho akakichora kikubwa kidogo kuliko tundu lenyewe. Halafu kwenye cherehani alikilisha kile kitambaa cha ziada kwa ncha za vidole, chembe kwa chembe, bila mkunjo hata mmoja kuonekana. Mtu aliyevaa nguo yake aliweza kuchukua kitu juu ya kabati na gauni lisipande. Wengine tunashona mikono. Yeye alikuwa anaiotesha.

Alikufa miezi tisa iliyopita, kifua kilimsumbua, hakufika hata sitini.

Mwezi wa kwanza Fundi Mdogo alishona nguo zisizo na mikono, wateja wakavumilia. Baridi ilipokuja wakaacha kuvumilia. Akahamia upande wa meza wa dada yake, akashika chaki. Mtu hajifunzi kazi kwa macho peke yake, lakini macho ya miaka karibu thelathini si haba, akaona ataweza. Nguo ya kwanza ilikuwa ya karani mmoja mwenye mikono mirefu. Aliipima kama alivyoona ikipimwa, akaichora, akaikata, akaishona. Karani aliivaa, akatoka nayo mlangoni, na Fundi Mdogo alimtazama akienda zake barabarani na mkono wa kushoto umekunjwa mbele ya tumbo. Alidhani ni mwendo wake.

Nguo ya pili akasema ni macho yangu. Ya tatu akanunua tepu mpya ya kupimia, maana ya zamani ilikuwa imevutika. Ya nne akampelekea fundi wa cherehani mashine yake, naye akairudisha na kumwambia cherehani haina akili, hushona unachoipa. Ya tano akaikata mikono kila mmoja peke yake, wa kushoto akauzidishia inchi nzima. Ulijikunja vile vile, inchi ya ziada ikaning'inia chini kama ulimi wa mbwa.

Yakaja na mambo mengine ambayo hakumwambia mtu. Mara nyingine alipokuwa analisha kilima cha mkono kwenye kwapa, kitambaa kilisogea mbele kabla vidole vyake havijakisukuma. Siku moja alichora mstari wa nyuma wa mkono kwa rula, akaenda kula, akarudi, akaukuta umepinda pale kwenye kiwiko. Chaki ilikuwa pale pale alipoiacha. Aliufuta, akauchora upya, akakaa juu ya kiti akiutazama mpaka macho yakauma, na haukufanya lolote. Akaona haya, mtu mzima kuvizia mstari.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao walisema kwa mafumbo. Kwa Fundi Mdogo hakukuwa na fumbo. Alijitia hamnazo mbele ya wateja, lakini mkono ule aliujua tangu nguo ya pili. Aliujua upindaji wake, aliujua upande wake. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeushika mkono wa kushoto namna ile, naye alikuwa mtoto wa dada yake.

Walimwita Kifungo, kwa sababu alikulia chini ya meza ya kukatia na kila kilichoanguka alikitia mdomoni. Alikuwa na miaka mitatu siku alipoumia. Fundi Mkubwa alikuwa anakwenda kupeleka nguo kwa mteja, akamwachia mdogo wake maagizo mawili: mwangalie mtoto, na pasi usiiache chini anapofikia. Ilikuwa pasi ya mkaa, ile nzito yenye mfuniko. Fundi Mdogo wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, amechumbiwa, harusi mwezi ujao, na mchumba mwenyewe akapita dirishani. Akaiweka pasi juu ya kigoda, juu ya shati alilokuwa akilinyoosha, akaenda dirishani kwa dakika moja. Dakika moja ya wachumba tunaujua urefu wake. Mtoto aliona mkono wa shati unaning'inia, akauvuta.

Fundi Mkubwa ndiye aliyeingia kwanza. Majirani walipofika walimkuta amembeba mtoto kwa mkono mmoja na pasi ameishika kwa mkono wa pili, makaa yametapakaa sakafuni.

"Nani kaacha pasi chini?" mmoja akauliza. Aliyeuliza alikuwa mama wa yule mchumba, mwanamke mkali asiyesahau.

Fundi Mdogo alifungua mdomo. Ulimi ukamganda. Dada yake alimtazama mara moja tu, kisha akamgeukia yule mama.

"Mimi," akasema.

Basi. Neno hilo moja lilikaa miaka ishirini na sita. Ndoa yenyewe haikufika mbali. Mume alikwenda kutafuta maisha na maisha yakampata yeye, hakurudi. Sababu ya kunyamaza iliondoka naye, kunyamaza kwenyewe kukabaki. Kila mwaka Fundi Mdogo alipanga kusema na kila mwaka aliona sasa imekuwa kuchelewa mno. Mficha uchi hazai, na yeye hakuzaa, wala hakusema.

Kidonda cha Kifungo kilipona, lakini ngozi ya ndani ya kiwiko ilijivuta na mkono haukunyooka tena. Mama yake alimshonea nguo zote mwenyewe. Mkono wa kushoto aliuchora peke yake, karatasi yake, upande wa ndani mfupi, mkunjo mdogo ulioshonwa kiwikoni, hivi kwamba mtu angedhani mtoto ameamua tu kukunja mkono. Shuleni hata hivyo walimwita Bawa. Alipofika miaka kumi na sita alirudi nyumbani siku moja akiwa amepigana, akasimama mbele ya meza ya kukatia.

"Ni nani aliyeacha pasi chini?"

Fundi Mdogo alikuwa pale pale, anapinda sketi.

"Ni mimi, mwanangu," Fundi Mkubwa alisema.

Tangu siku hiyo Kifungo hakumwita tena mama. Alisema "yeye". Alikwenda kusomea ualimu mbali, akapata kazi huko huko, na simu zake zote zilikuwa za mama mdogo: umelala vipi, umekula nini, usiinue vitu vizito. Fundi Mkubwa alikuwa anakaa kando ya meza akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, sindano imesimama mkononi.

Alipokuwa mgonjwa wa kulala, mdogo wake alimuuliza, akitamani moyoni aambiwe hapana: "Nimwambie?"

"Mimi sisemi. Nikisema mimi itakuwa nakuchongea kwa mtoto. Sema wewe, umwite aje."

"Nitamwambia."

"Upesi basi. Pumzi hizi si za kusubirisha watu."

Fundi Mdogo alipiga simu. Alisema mama yako ni mgonjwa, hakusema lingine. Kifungo akajibu kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Alifika siku mbili baada ya mazishi, akalala na kichwa mapajani mwa mama mdogo wake, na Fundi Mdogo akamsuka nywele, akanyamaza. Ningekuwa mimi ningesema? Sijui. Ninachojua ni kwamba hakusema, na mikono ikaanza kujikunja.

Kifungo aliingia dukani Jumanne asubuhi, wiki ile ile ya gauni la Mama Maziwa, akiwa na furushi la kitambaa cheupe kwapani na kicheko usoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema ungepika mpaka ushindwe kusimama." Aliliweka furushi juu ya meza. "Jumamosi naolewa. Usinitazame hivyo. Tumeamua kitu kidogo, watu wa karibu tu, wala hatutaki makelele. Nataka wewe ndiye unishonee."

Fundi Mdogo alimkumbatia, akacheka, akalia, akamwita mjinga kwa kuja na siku nne tu mkononi. Kisha akakishika kitambaa. Kilikuwa laini na kizito, cha kuanguka vizuri.

"Mikono mirefu," Kifungo alisema, na sauti ikashuka kidogo. "Kama ile aliyokuwa ananishonea yeye. Hiyo sitamnyima, mikono alijua. Sitaki siku hiyo mtu aangalie kiwiko changu. Nataka waangalie uso."

"Nitajaribu."

"Hutajaribu, utaweza. Na Jumamosi utasimama upande wangu kama mama. Nimeshawaambia wakwe. Nimewaambia aliyenizaa amefariki, lakini mama ninaye."

Fundi Mdogo aligeuka kutafuta tepu, nayo ilikuwa shingoni mwake.

Alimpima. Mkono wa kulia, kiganja kiunoni, begani, kiwikoni, kifundoni. Alipofika wa kushoto hakuhitaji kumwambia aukunje. Miaka yote hiyo hakuwahi kuupima. Ilikuwa kazi ya dada yake, na alishukuru. Sasa alipitisha tepu juu ya ngozi iliyojivuta, laini na yenye kung'aa kama karatasi iliyolowa ikakauka, akaandika namba kwenye daftari. Upande wa nje, inchi ishirini na mbili. Wa ndani, kumi na tano na nusu.

"Mbona vidole baridi hivi," Kifungo alisema. "Umekula lakini?"

Kifungo alipokwenda kuonana na mashoga zake wa zamani, Fundi Mdogo alijifungia dukani na kufanya kazi. Niseme ukweli, hofu yake haikuwa kubwa. Kwa namna fulani aliona mambo yamekaa sawa: kama mikono inataka kujikunja, basi mara hii na ijikunje, imefika kwa mwenyewe. Pengine dada yake alikuwa anataka hilo tu, mtoto ashonewe. Pengine baada ya hapo yote yangekwisha bila mtu kusema kitu. Binadamu akitaka kukwepa, hata mzimu humgeuza wakili wake.

Akachora mkono wa kushoto peke yake, kama alivyokuwa akichora marehemu. Ndani mfupi, nje mrefu, mkunjo mdogo kiwikoni. Akakata. Akapiga bandi kwa mkono kwanza, nyuzi ndefu za kushikilia tu, akatazama, ukawa umepinda vizuri. Alhamisi mchana akaupitisha kwenye cherehani, akaulisha begani, na kile kitambaa kikawa kinasogea chenyewe mbele ya vidole vyake, taratibu, kwa ustadi ambao haukuwa wake. Hakukizuia. Alisema kwa sauti ndogo, "Ahsante, dada." Akalipiga gauni pasi, akalitundika.

Alikuwa anaokota nyuzi sakafuni alipoinua macho.

Mikono yote miwili ilikuwa imenyooka.

Alisimama. Akalisogelea gauni, akaushika ule wa kushoto. Mkunjo wa kiwikoni ulikuwepo, aliuona, aliugusa kwa kidole. Upande wa ndani ulikuwa mfupi. Aliupima, kumi na tano na nusu. Na bado mkono ulining'inia wima, umejaa kidogo kama wenye kitu ndani, mzuri, mrefu, mkono wa msichana ambaye hajawahi kuumizwa na mtu. Alijaribu kuupinda. Ulinyooka tena mikononi mwake, bila nguvu, kama mtu anayekitoa kiganja chake mikononi mwako kwa adabu.

Wateja sita walikuwa wamevaa mkono wa Kifungo. Sasa Kifungo alikuwa ameshonewa mkono ambao angekuwa nao.

Nje viatu vilisikika. Fundi Mdogo alitaka kulivuta gauni alifiche, lakini Kifungo alishaingia, ameshaliona, ameshapiga kigelegele kidogo peke yake. Akavua blauzi nyuma ya pazia, akalivaa, akatoka. Lilimkaa kama maji. Mkono wa kulia ukaingia. Wa kushoto ukaingia mpaka katikati ukakwama. Akausukuma, akaguna, akafika mwisho, na uso ukambadilika.

"Mama mdogo, mkono wa gauni unaniuma. Unanivuta. Unataka kuuny... unataka kuunyoosha wangu."

Alikuwa anautazama mkono wake kwenye kioo. Kitambaa kilikuwa kimekaza juu ya kiwiko, na mkono ulikuwa umefunguka kuliko ulivyowahi kufunguka. Hakupiga kelele. Alikuwa anautazama tu.

"Ndivyo ungekuwa?" akauliza taratibu.

Fundi Mdogo alishika ukingo wa meza. Alijua kwamba akisema neno, huyu mtoto aliyemwita mama ataondoka, na Jumamosi itapita, na miaka itapita, na simu haitalia. Alijua pia kwamba akinyamaza sasa, gauni litafumuliwa, litashonwa upya, na atasimama mbele ya watu mahali pa marehemu. Alijiona amesimama pale.

"Pasi niliiacha mimi," alisema.

Kifungo hakugeuka. Alimtazama ndani ya kioo.

"Pasi gani?"

"Ile. Mama yako hakuwepo. Alikuwa amekwenda kupeleka nguo, akaniambia nisiiache chini, nikaiacha. Nilikuwa dirishani naongea na mwanamume. Watu walipokuja nikashindwa kusema, akasema yeye. Na siku ile ulipokuja kuuliza, nilikuwa nimekaa pale." Alionyesha kigoda cha mashine yake. "Nilikuwa napinda sketi. Nikakusikia unauliza, nikaendelea kupinda."

Mtu alipita nje anaburuta toroli.

"Alipokuwa mgonjwa," Kifungo alisema.

"Aliniambia nikwambie. Nilikupigia nikakwambia anaumwa tu."

"Nilisema nina mitihani."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

"Sawa."

"Aliniita?" Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba, ya mtoto. "Kabla hajafa. Aliniita?"

Fundi Mdogo angeweza kumwonea huruma na kusema hapana. Alitaka sana. Lakini huruma za namna hiyo ndizo zilizowafikisha hapo.

"Siku tatu. Kila mlango ukifunguliwa alikuwa anasema, ni Kifungo huyo? Mpaka sauti ikamwisha, akawa anauliza kwa macho."

Kifungo aliketi chini sakafuni na gauni lake jeupe, kwenye vumbi la chaki na vipande vya kitambaa, akalia bila kujificha uso, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshikiliwa na nguo. Akasema "mama". Akalisema tena. Miaka kumi na mitatu hakuwa amelisema neno hilo kwa mwenyewe, na sasa alilisema kwenye duka tupu, akiwa ameigeukia meza ya kukatia. Fundi Mdogo hakuthubutu kumsogelea. Alisimama akilisikiliza neno hilo kila lilipotoka, akahesabu bila kutaka.

Ilichukua muda. Kisha Kifungo akajifuta pua kwa bega, akainuka, akasimama tena mbele ya kioo.

"Fumua," alisema.

"Nitaurekebisha. Nitaushona upya, leo leo, nitakesha..."

"Sijasema urekebishe. Fumua mikono. Yote miwili, itoe."

"Bila mikono? Jumamosi? Wataona kiwiko, mw... Watakiona wote."

"Wakione. Nimevaa mikono mirefu tangu nina miaka mitatu. Nilidhani naficha kosa la mama yangu, kumbe nilikuwa naficha lako." Aligeuka, kwa mara ya kwanza akamtazama ana kwa ana. Macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa na chuki ambayo Fundi Mdogo alijiandaa kwayo. Yalikuwa na kitu kigumu zaidi. "Fumua nikiwa nimelivaa. Nataka nikuone unavyofumua."

Fundi Mdogo alichukua wembe. Alimshika bega, na chini ya kiganja chake lilikuwa la moto.

"Na Jumamosi?" aliuliza. "Nisije?"

"Utakuja. Utasimama pale pale nilipowaambia wakwe utasimama." Kifungo aliuinua mkono wa kushoto kadiri ulivyoweza kuinuka, ili mshono wa kwapa uonekane. "Wakiniuliza mkono huu umefanya nini, nitawaonyesha wewe. Utawajibu."

Fundi Mdogo aliutafuta uzi wa kwanza, juu kabisa begani, akaukata.